Kumpiga: Kitenzi Kimoja Kilichobeba Vita Viwili

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, na Radio Tanzania ikaisambaza sauti yake nchi nzima. Waliokuwa watoto wakati ule bado wanaikumbuka hotuba hiyo kwa maneno matatu: sababu, nia na uwezo. Sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Lakini neno linalonisimamisha kila ninapoisikiliza rekodi ile ni la nne, lile ambalo hakuna aliyelihesabu kwa kuwa lilionekana halina utata. Kumpiga.

Kumpiga nani, tulijua: Idi Amin, rais wa Uganda, ambaye askari wake walikuwa wameivamia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kumpiga mpaka wapi, halikuulizwa. Ukimkuta mwizi shambani kwako ukamtimua kwa fimbo, umempiga. Ukimfuata hadi kwake, ukavunja mlango, ukamtoa ndani na kumweka mtu mwingine katika nyumba yake, hapo nako umempiga. Kitenzi ni kilekile. Novemba 1978 wananchi waliridhia maana ya kwanza. Kufikia Aprili 1979 jeshi lao lilikuwa limetekeleza ya pili, na kati ya maana hizo mbili ipo miezi mitano ambayo maelezo ya serikali yalikwenda njia yake na askari wakaenda yao.

Naamini Idi Amin alistahili kuondoka. Aliua raia wake kwa wingi wa kutisha, na askari wake waliua Watanzania vijijini mwao. Sina shaka na hilo, na ndiyo sababu nimechagua kisa hiki. Vita vilivyoanzishwa kwa uongo mtupu ni rahisi kuvichambua: ukishauona uongo, kazi imekwisha. Kagera ni ngumu kwa sababu chanzo chake kilikuwa kweli.

Maelezo ya Kampala

Tuanze na upande ambao maelezo yake yalianguka mapema. Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 kwa kumpindua Milton Obote, na Obote akapewa hifadhi Tanzania. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakashindwa vibaya. Ndege za Amin zikapiga mabomu upande wetu, Bukoba ikiwemo. Makubaliano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo yaliyatuliza mambo bila kuyamaliza. Kwa hiyo Amin aliposema kwamba Tanzania inamwandama, hakuwa anabuni kila kitu. Chembe ya ukweli ilikuwamo, na huko ndiko kulikokuwa na nguvu ya madai yake.

Mwaka 1978 hali ndani ya jeshi lake ilikuwa imechafuka. Makamu wake, Mustafa Adrisi, aliumia katika ajali ya gari mwezi Aprili na wengi hawakuamini kuwa ni ajali. Vikosi viliasi. Oktoba, Kampala ikatangaza kuwa majeshi ya Tanzania yameivamia Uganda. Hakuna jeshi la Tanzania lililokuwa limevuka. Mwisho wa mwezi huo askari wa Uganda ndio waliovuka, wakaikalia ardhi yote kati ya mpaka na Mto Kagera, kama maili za mraba 710. Kisha Radio Uganda ikatangaza kwamba eneo hilo limekombolewa na sasa ni la Uganda, na Amin akajigamba kwamba kazi ilimchukua dakika 25.

Hoja yake ilisimama juu ya ramani. Mpaka wa pale ni mstari ulionyooka wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ambao Waingereza na Wajerumani waliukubali mwaka 1890 bila kujali mto unapita wapi. Amin alidai mto ndio mpaka halisi. Kwa jicho la mtu asiye na haraka, mto ni mpaka wa maana kuliko mstari wa rula. Lakini wenyewe Waganda hawakuwa na hamu ya kufa kwa ajili ya rula wala mto. Redio yao ilikuwa imewadanganya kwa miaka saba kuhusu jamaa zao waliochukuliwa usiku kwenye buti za magari. Mtu aliyeambiwa kuwa ndugu yake ametoroka nchi, naye anajua ameuawa, hana sikio la kuambiwa kuwa Tanzania imevamia. Vita vilipofika kwao, askari wengi wa Amin walivua magwanda wakakimbia, na Kampala ilipoanguka watu walitoka barabarani kuwashangilia Watanzania.

Kilichoonekana kwa macho

Upande wetu mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo haikuwa ya ufundi wa kutangaza. Ilikuwa ya ushahidi. Watu wa Misenyi na Kyaka walivuka mto wakikimbia na watoto mgongoni. Inakadiriwa kwamba raia 1,500 waliuawa. Ng'ombe waliswagwa kuelekea kaskazini kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa, hata mabati yaling'olewa juu ya nyumba. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka lililipuliwa: ndege zilikuwa zimejaribu zikashindwa, ndipo akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka mgodi wa Kilembe, Uganda. Daraja lililovunjika halihitaji msemaji. Mkulima wa Bukoba, utingo wa lori, nesi wa hospitali ya mkoa, wote wangeweza kumwambia mtu wa Mwanza walichokiona, na mtu wa Mwanza angeweza kulinganisha na alichosikia redioni.

Linganisha na Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam, Agosti 1964. Marekani iliambiwa kwamba meli zake zimeshambuliwa mara ya pili, usiku wa tarehe 4, baharini, gizani. Siku tatu baadaye Baraza la Wawakilishi likampa Rais Johnson ruhusa ya kutumia jeshi Vietnam kwa kura 416 kwa 0, na Seneti kwa 88 kwa 2. Shambulio lile la pili halikutokea. Kapteni wa kikosi hicho cha meli alikuwa ametuma ujumbe wa mashaka saa chache tu baadaye, lakini mashaka yake yalibaki ndani ya ofisi za wakubwa. Mwananchi wa kawaida hakuwa na namna ya kupima, kwa sababu shahidi wa pekee alikuwa serikali yenyewe.

Sisi tulikuwa na mashahidi. Ndiyo maana utayari wa Watanzania mwezi ule ulikuwa wa kweli. Mgambo walijitokeza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa wakaitwa, wafanyakazi wakakatwa mishahara, vijiji vikatoa ng'ombe na nafaka, malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilivuka 150,000. Hakuna serikali inayopata hayo kwa propaganda peke yake.

Hata hivyo, yapo maswali yaliyofunikwa na hasira ile ya haki. La kwanza: kwa nini mpaka ulikuwa karibu wazi? Bukoba ilishapigwa mabomu mwaka 1972, na mwezi huohuo wa Oktoba 1978 ndege za Uganda zilikuja tena. Brigedi zilizokwenda kuirudisha ardhi yetu zilisafirishwa kutoka mbali kama Tabora na Songea. Waliouawa Misenyi walikuwa na haki ya kuuliza nani alipaswa kuwalinda. Swali hilo lilionekana kama la mtu anayemsaidia adui, nalo likazimika.

Na nani angeuliza? Chama kilikuwa kimoja. Redio ilikuwa moja. Magazeti ya kila siku yalikuwa ya chama au ya serikali. Machi mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu, na mamia yao wakafukuzwa chuo. Miezi minane tu ilikuwa imepita. Mtu anayekumbuka mwenzake alivyorudishwa kwao na sanduku lake kwa kuuliza habari za posho, hataulizia habari za vita.

Pale mto ulipovukwa

Tarehe 14 Novemba Amin alitangaza kwamba anaondoa majeshi yake bila masharti. Dar es Salaam ilijibu kwamba ni uongo. Kabla mwezi haujaisha majeshi yetu yalivuka Kagera, na yalichokikuta ni vijiji vitupu, mizoga na maiti. Wavamizi wengi walikuwa wameondoka na walichokiiba.

Hapa ndipo kisa chote kinapogeukia, na hapa ndipo simulizi tunazofundishwa shuleni hupita mbio. Maana ya kwanza ya kumpiga ilikuwa imetimia. Ardhi ilikuwa imerudi. Kama lengo lilikuwa lile lililosomwa kwa wazee wa Dar es Salaam kwa maana yake nyembamba, Desemba ingekuwa ya kuzika, kujenga daraja na kurudi nyumbani.

Zilikuwepo sababu za kutorudi, tena nzito. Amin hakulikana dai lake juu ya eneo lile. Mizinga yake ilikaa kwenye vilima vya Mutukula, upande wa Uganda mpakani, ikitazama chini kwetu. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulituma wapatanishi lakini haukumlaani mvamizi, na Nyerere alikataa kukaa meza moja kana kwamba wote wawili wamekosa sawa. Kwa mtazamo wa mwanajeshi, kuiacha Mutukula mikononi mwa Amin ni kuahirisha vita. Kwa hiyo mwishoni mwa Januari 1979 Mutukula ilitekwa.

Askari waliotoka kuona maiti za Kyaka waliibomoa Mutukula na kuua raia. Nyerere alipopata habari alishtuka, akaamuru raia wa Uganda wasiguswe. Namheshimu kwa amri ile. Lakini wananchi waliokuwa wakimsikiliza redioni kila jioni hawakupewa sehemu hiyo ya habari. Waliendelea kusikia habari za majeshi shupavu na nduli anayekimbia.

Kutoka Mutukula hakukuwa tena na vilima vya kuhofia; kulikuwa na barabara. Masaka ilianguka Februari 24, Mbarara siku iliyofuata, na sehemu kubwa ya miji hiyo ikalipuliwa kulipiza kisasi. Katika wiki hizo serikali ilikuwa na maelezo ambayo nayaona kuwa kiini cha kisa hiki: kwamba vinapiganwa vita viwili. Kimoja ni cha Tanzania, inayolinda usalama wa mpaka wake. Kingine ni cha Waganda wenyewe, wanaomwondoa dikteta wao.

Waganda walikuwepo kweli. Kikosi Maalum, jeshi la wafuasi wa Obote, kilikuwa na Tito Okello na David Oyite Ojok. Yoweri Museveni alikuwa na kundi lake. Walipigana na wengine walikufa. Lakini mizinga, malori, chakula, mipango na askari wengi mno vilikuwa vya Tanzania, chini ya makamanda kama Meja Jenerali David Msuguri. Pale Lukaya, Machi 10 na 11, vita vikubwa kuliko vyote, aliyekutana na vifaru vya Amin na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi alikuwa hasa Mtanzania. Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ilitawanyika usiku ule wa kwanza, na ilibidi askari wengine wazunguke kuiokoa hali. Wale mgambo walikuwa wakulima waliojitolea kumfukuza mvamizi Kagera. Walijikuta kilomita nyingi ndani ya nchi nyingine, kwenye kinamasi, mbele ya roketi za Libya. Sioni aibu katika kukimbia kwao. Naona tu kwamba hakuna aliyewaambia mapema kwamba safari ni ndefu hivyo.

Mwisho wa Machi wakimbizi wa kisiasa wa Uganda walikutanishwa Moshi, wakamchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Kampala ilianguka Aprili 10 na 11. Sauti iliyosikika Radio Uganda kutangaza mwisho wa Amin ilikuwa ya Oyite Ojok. Hapo utaona namna maelezo ya vita viwili yalivyotunzwa mpaka dakika ya mwisho: mji ulitekwa hasa na jeshi moja, tangazo likasomwa na lingine.

Maelezo yale yalikuwa ya nani?

Nimejiuliza sana kwa nini serikali ilichagua njia hii, kwa maana Nyerere hakuwa mtu wa kuogopa kusema. Jibu ninaloliona liko nje ya nchi. Mwaka 1964 mjini Cairo ni yeye aliyependekeza azimio la nchi za Afrika kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kusema wazi, Februari 1979, kwamba Tanzania inakwenda Kampala kumwondoa rais, kungewapa marais wenzake sababu ya kumshambulia, na wengi wao walikuwa na hofu zao wenyewe kuhusu wakimbizi na majirani. Na kweli Julai 1979, kwenye mkutano wa umoja huo mjini Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimshutumu. Yeye alijibu kwa kuwauliza walikuwa wapi Amin alipokuwa akiua.

Kwa hiyo maelezo ya vita viwili yalitungwa kwa ajili ya masikio ya Monrovia. Lakini maelezo hayohayo ndiyo waliyosomewa watu wa Manzese na Muleba, waliokuwa na watoto wao mstari wa mbele. Diplomasia ina lugha yake na siilaumu kwa hilo. Ninacholalamikia ni kwamba raia alipewa nakala ya barua iliyoandikiwa mtu mwingine, akaambiwa ni yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukweli ungepita. Naamini kabisa kama Januari 1979 Mwalimu angewaita tena wazee wale ukumbini na kusema: ardhi tumeirudisha, lakini mtu huyu akibaki atarudi, na mimi naona twende mpaka Kampala, tutapoteza vijana, itatugharimu miaka, mnasemaje? wengi wangesema twende. Hasira ilikuwepo, imani kwake ilikuwepo. Lakini wangekuwa wamesema ndiyo kwa jambo lenyewe. Pengine mmoja angesimama na kuuliza nani atatawala Uganda baadaye, na tutakaa huko mpaka lini.

Maana maswali hayo mawili ndiyo yaliyotugharimu. Lule alikaa madarakani siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980. Desemba 1980 uchaguzi uliojaa malalamiko ukamrudisha Obote, yule mgeni wa Dar es Salaam, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Askari wa Tanzania walibaki Uganda hadi mwaka huo wa 1981. Kwa Mganda aliyewashangilia Aprili 1979, jirani mkombozi alianza kuonekana kama mlinzi wa upande mmoja. Maelezo ya vita viwili yalikuwa yamesema kwamba Uganda imekombolewa na Waganda. Kama ndivyo, jeshi letu lilikuwa likifanya nini huko miaka miwili?

Miezi 18

Nyumbani, Nyerere alikuwa amewaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500, katika nchi ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeivunjikia mkononi mwaka 1977 na ambayo bei ya mafuta ilikuwa inaipandia mwaka huohuo wa 1979. Kabla mwaka haujaisha waziri wa fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Rais juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Miezi 18 ikapita. Sabuni haikurudi dukani. Watu walipanga foleni za sukari, unga, khanga na mafuta ya taa, na waliouliza walijibiwa: vita. Kwa miaka kadhaa neno hilo lilifunga kila mjadala, hata pale ambapo sababu zilikuwa mashirika ya umma yaliyoendeshwa vibaya, mazao yaliyonunuliwa kwa bei ya kumkatisha mkulima tamaa, na vijiji vilivyohamishwa kwa nguvu kabla Amin hajavuka mpaka. Vita vilichangia, tena sana. Lakini mwananchi ambaye hakuambiwa kwa uwazi vita vyenyewe vilikuwa vya nini na viliishia wapi, angewezaje kupima ni kiasi gani cha njaa yake kilitoka Kampala na kiasi gani kilitoka ofisi za Dar es Salaam?

Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina ukaitwa Kagera. Jina hilo linakumbuka mto, yaani vita vya kwanza, vile tulivyoviridhia. Hesabu inayotajwa ya wanajeshi wetu waliokufa ni 373, na wengi wao hawakufa Kagera. Walikufa njia ya Masaka, Lukaya, na kaskazini zaidi hadi mpaka wa Sudan, ambako jeshi lilifika mwanzoni mwa Juni. Huko Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya mashujaa wa vita hivyo. Yamepangwa kwa safu, yamepakwa chokaa, na ukipita katikati huwezi kujua nani alizikwa kwa maana ya kwanza ya kitenzi kile na nani kwa ya pili.